Sheria Ilihesabu Nini? Uingereza na Biashara ya Nyangumi, 1577 hadi 1982

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu, maofisa wa uvuvi na wanafunzi wa sheria ya bahari, ahsanteni kwa kufika.

Mada yetu ni sheria za Uingereza zilizosimamia biashara ya nyangumi. Mtu akiisikia atadhani tumekuja kuzungumzia ulinzi wa mnyama. La. Kwa zaidi ya miaka 300 ya mwanzo sheria hizo hazikumjali nyangumi hata kidogo. Zilijali mabaharia wa kwenda vitani, mafuta ya taa na mapato ya forodha. Nyangumi mwenyewe aliingia katika vifungu vya sheria karne ya ishirini, wakati amebaki wa kutafutwa kwa tochi. Kwa hiyo nawaomba mnisikilize mkiwa na swali moja: kila sheria ilihesabu kitu gani? Tani za meli, mapipa ya mafuta, vituo vya nchi kavu, au wanyama? Wenye meli walikuwa watu wa hesabu. Kile kilichohesabiwa ndicho walichokileta.

Tuanze na enzi ya ukiritimba, ambayo haitatuchukua muda. Mwaka 1577 Malkia Elizabeth I aliipa Kampuni ya Muscovy haki ya pekee ya kuwinda nyangumi kwa miaka 20. Haki ikawapo kwenye karatasi, uwindaji haukuwapo. Mpaka 1611 ndipo kampuni ilipopeleka merikebu Spitsbergen, kaskazini kabisa ya Norway, na hata hapo ilibidi iwaajiri Wabaski, watu wa mpakani mwa Hispania na Ufaransa, wa kurusha chusa, maana Waingereza hawakuijua kazi. Mwaka 1613 Mfalme James I alitoa hati iliyowafungia nje wageni wote, pamoja na Waingereza wenzao wa bandari ya Hull. Meli zenye mizinga zikatumwa kuwafukuza Waholanzi, Wafaransa na Wabaski. Waholanzi hawakupoteza muda kubishana na hati. Mwaka 1614 waliunda kampuni yao, Noordsche Compagnie, wakarudi na mizinga yao wenyewe. Mwisho wa karne hiyo uwindaji wa Waingereza ulikuwa karibu umekufa.

Majaribio mawili yaliyofuata yaliishia pabaya. Kampuni ya wafanyabiashara wa London iliyoundwa 1693 kwa mtaji wa pauni 40,000 iliupoteza wote. Kisha Kampuni ya South Sea, iliyokuwa imeponea chupuchupu kwenye anguko la hisa zake la 1720, ilijitosa mwaka 1725 na meli 12 na kuendelea kwa misimu minane. Ilipojitoa ilikuwa imepata hasara ya zaidi ya pauni 170,000. Wataalamu wa chusa walikuwa wageni waliolipwa ghali, na nyangumi waliokuwa wakijazana kwenye ghuba za Spitsbergen walikuwa wamekwisha. Sasa ilibidi kuwafuata ndani ya barafu, mahali panapohitaji uzoefu wa miaka.

Hapo Bunge likabadilisha mbinu, na hapa ndipo pana utamu wa mada yetu. Mwaka 1733 lilipitisha ruzuku ya shilingi 20, yaani pauni moja, kwa kila tani ya meli yenye tani 200 au zaidi itakayokwenda kuwinda nyangumi kaskazini. Mwaka 1740, vita vikiwa vimeanza, ikapanda hadi shilingi 30. Mwaka 1749 ikafika shilingi 40. Angalieni kipimo chenyewe: hailipwi kwa nyangumi, hailipwi kwa pipa la mafuta. Inalipwa kwa tani ya meli. Meli ya tani 300 iliyotimiza masharti ilipokea pauni 600 hata kama imerudi na mapipa matupu.

Je, wabunge hawakuliona hilo? Waliliona. Walichokuwa wakinunua ni mabaharia. Safari ya Greenland ilihitaji watu wengi kuliko safari ya kawaida ya mizigo, iliwazoesha baridi, dhoruba na nidhamu ya mashua, kisha vita vikilipuka watu hao wangepatikana kwa manowari za mfalme. Meli zilizokuwa za kuhesabika kwa vidole kabla ya 1749 zilifikia takribani 80 kufikia 1756. Bandari ya Whitby ilianza kupeleka zake 1753, na za Scotland zikaingia miaka hiyo hiyo.

Masharti yalikuwa marefu, na sheria ya 1786 ndiyo iliyoyapanga vizuri zaidi. Kabla ya safari, ofisa wa forodha alipanda melini, akaipima na kukagua vifaa. Mwenye meli na nahodha waliapa mbele yake kwamba nia yao ni kwenda bahari ya Greenland au mlango wa Davis kuwinda nyangumi, si biashara nyingine, na wakaweka dhamana. Meli ilipaswa kung'oa nanga kabla au ifikapo tarehe 10 Aprili. Haikuruhusiwa kuondoka kwenye maeneo ya uwindaji kabla ya tarehe 10 Agosti, isipokuwa iwe imekwisha kupakia kiasi cha kutosha: kwa meli ya tani 200, tani 30 za mafuta, au shahamu inayolingana nazo, pamoja na tani moja na nusu ya yale mabamba magumu yanayoning'inia kinywani mwa nyangumi badala ya meno, ambayo Ulaya iliyatumia kwenye miamvuli na nguo za kubana kiuno.

Daftari la safari lilipaswa kujazwa siku zote. Ikikutana na manowari ya mfalme njiani, nahodha wa manowari alionyeshwa daftari na kuandika humo siku waliyokutana. Meli iliporudi, ofisa aliikagua upya, nahodha na msaidizi wake wakaapa tena, hati ikaenda London, na hapo ndipo fedha zilipotoka.

Na vifaa? Meli ya tani 200 ilipaswa kuwa na mashua nne, vyusa 40, kamba 40 zenye urefu wa pima 120 kila moja, na chakula cha miezi sita. Kila mashua ilikuwa na watu saba wasiopungua, miongoni mwao mpiga chusa, mshika usukani na msimamizi wa kamba. Hao ni watu 28, ukiacha nahodha na tabibu. Kwa kila tani 50 zilizozidi, iliongezwa mashua moja, watu sita, kamba 10 na vyusa 10. Pigeni hesabu ya meli ya tani 300: mashua sita, watu 40, vyusa 60, kamba 60. Kamba hizo zikiunganishwa ni pima 7,200, zaidi ya kilometa 13. Humo humo kwenye idadi ya watu palitakiwa pawe na wanagenzi, mmoja kwa kila tani 35, na mtu mgeni kabisa wa kazi, mmoja kwa kila tani 50. Hiyo ndiyo shule ya mabaharia ambayo Bunge lilidhani linaijenga.

Wenye meli nao wakafanya yao. Sheria ya 1786 ilisema meli kubwa kuliko tani 300 italipwa kama ya tani 300, basi meli kubwa mno haikuwa na faida. Kikomo cha chini nacho kilizaa mchezo: meli kuukuu iliyofaa kwa shida, mradi imefikisha tani na vifaa, ilikuwa na thamani ya ruzuku. Adam Smith aliilalamikia ruzuku ya tani ya namna hii hii iliyolipwa kwa wavuvi wa heringi: kuna meli, alisema, zilizotoka bandarini si kuwavua samaki bali kuivua ruzuku. Tarehe ya 10 Agosti ilikuwa na madhara yake pia. Nahodha aliyeona barafu inafunga mapema alikuwa na sababu ya pauni mia kadhaa ya kutogeuza usukani.

Palikuwa na marupurupu mengine. Wakati wa vita jeshi la majini lilikuwa likiwakamata mabaharia kwa nguvu bandarini na baharini. Wapiga chusa, washika usukani na wasimamizi wa kamba walipewa hati za kinga. Mabaharia wa kawaida wa meli hizo waliweza kufanya kazi kwenye meli za makaa ya mawe majira ya baridi bila kukamatwa, mradi wameweka dhamana kwamba msimu ujao watarudi Greenland. Sheria ikawa inajipinga yenyewe: inalipia mabaharia kwa ajili ya manowari, kisha inawakinga wasipelekwe manowarini.

Siri hiyo ilifichuka 1786, ruzuku ilipokuja kujadiliwa upya. Ilielezwa Bungeni kwamba tangu 1733 hazina ilikuwa imelipa zaidi ya pauni milioni 1.2. Biashara ilikuwa na mabaharia wapatao 6,000, kila mmoja akiigharimu serikali pauni 13 na shilingi 10 kwa mwaka, na jeshi la majini halikuwahi kupata humo zaidi ya watu 500. Bunge likapunguza ruzuku hadi shilingi 30, ikashuka hadi 25 mwaka 1792 na 20 mwaka 1795. Ajabu ni kwamba biashara haikufa. Miaka michache baada ya kupunguzwa, meli zilizokwenda kaskazini zilizidi 200. Bei ya mafuta ilikuwa nzuri na Waholanzi walikuwa wamedhoofika, na hayo mawili yalifanya zaidi ya shilingi kumi za Bunge.

Tushuke kusini. Huko windo lilikuwa jingine, yule nyangumi mwenye kichwa kikubwa cha mraba, ambaye pwani yetu inamfahamu kwa ambari inayotoka tumboni mwake. Mafuta ya kichwa chake yalitengeneza mishumaa isiyotoa moshi. Kabla ya vita vya uhuru wa Marekani, London ilikuwa ikinunua mafuta haya kwa watu wa Nantucket, kisiwa cha wawindaji nyangumi huko Marekani. Vita vilipokata njia hiyo, Bunge lilianza 1776 kutoa zawadi, si ruzuku: meli tano zenye shehena kubwa kuliko nyingine zilipata pauni 500, 400, 300, 200 na 100. Hapa sheria ilihesabu mafuta. Mwaka 1786 mpango ukapanuliwa hadi meli 20. Tofauti ilionekana mara moja: meli za kusini zilikwenda mbali zaidi, zikakaa muda mrefu zaidi, na ziliyeyusha shahamu humo humo melini kwenye matanuri ya matofali, ilhali nyingi za kaskazini zilirudisha shahamu kwenye mapipa, ikanuke nyumbani.

Lakini kulikuwa na ukuta mwingine, Kampuni ya East India, yenye ukiritimba wa biashara yote mashariki ya Rasi ya Tumaini Jema. Sheria ya 1786 iliwaruhusu wawindaji kuvuka rasi hiyo kwa leseni, lakini wasizidi nyuzi 15 mashariki yake, wala wasipande kaskazini ya latitudo ya nyuzi 30 kusini. Chukueni ramani mlioneshe kidole eneo hilo: pwani yote ya Msumbiji, Kilwa, Unguja, Mombasa na Lamu ilikuwa nje ya ruhusa. Nyangumi wa maji yetu walikingwa kwa miaka kadhaa na wivu wa kampuni ya chai na vitambaa. Upande wa Pasifiki kulihitajika leseni ya Kampuni ya South Sea. Kampuni hiyo ilikuwa haiendeshi tena biashara yoyote huko, lakini ada iliitaka.

Mfanyabiashara Samuel Enderby na wenzake wa London waliisukuma mipaka hiyo. Meli yao Emilia ilitoka London mwaka 1788, ikazunguka Cape Horn, ncha ya kusini ya Amerika, na kurudi London Machi 1790 ikiwa imejaa, ya kwanza kuwinda nyangumi hao katika Pasifiki. Kuanzia 1788 mipaka ililegezwa hatua kwa hatua, na 1813 ukiritimba wa biashara ya India ukavunjwa. Waliomfungulia nyangumi wa Bahari ya Hindi milango ya hatari hawakuwa wawindaji peke yao; walikuwa pia waandishi wa sheria za biashara huria.

Ushuru nao una kisa chake. Baada ya amani ya 1783, Uingereza iliyatoza mafuta ya nyangumi ya Marekani zaidi ya pauni 18 kwa tani. Soko la Nantucket likafungwa kwa siku moja, na wenye meli wakaanza kuhama kufuata bendera. Wengine walihamia Nova Scotia. William Rotch, mkubwa wao, alikwenda London mwenyewe kuomba ahamishie familia na meli zake Uingereza. Charles Jenkinson, mwanasiasa wa Uingereza aliyekuja kuwa Lord Hawkesbury, alibana mkono: hakutaka meli zilizojengwa Marekani ziingie, kwa sababu Sheria za Usafiri wa Majini zilidai meli ijengwe nyumbani. Rotch alivuka mlango wa bahari, na Dunkirk huko Ufaransa akakubaliwa haraka. Kifungu kimoja cha ujenzi wa meli kiliipa Ufaransa, adui wa jadi, wawindaji bora duniani. Uingereza ilipata baadhi yao 1792 tu, walipohamia Milford Haven, Wales.

Hadi hapa sijasema nyangumi alikuwa mali ya nani, na wanafunzi wa sheria naona mnangoja. Sheria ya kale inayohesabiwa kuwa ya mwaka 1324, wakati wa Mfalme Edward II, ilimpa mfalme nyangumi na samaki aina ya sturgeon wanaokamatwa katika bahari ya milki yake. Wanasheria wa zamani walidai hata kwamba kichwa ni cha mfalme na mkia ni wa malkia, ili apate yale mabamba ya kutengenezea mavazi yake. Mabamba yenyewe yako kinywani! Ni wazi hakuna aliyekuwa amemwona nyangumi.

Bahari ya mbali ilikuwa na kanuni yake, nayo ilitungwa na wapiga chusa. Greenland ilikuwa hivi: nyangumi ni wa mashua ya kwanza kumpiga, maadamu chusa bado limemshika na kamba bado imefungwa kwenye mashua. Kamba ikikatika, au chusa likichomoka, amekuwa huru na ni wa yeyote atakayemwahi. Mahakama za Uingereza ziliikubali kanuni hiyo tangu mwishoni mwa karne ya 18, kwa hoja ya kitendaji: majini, ambako kuna mashua kumi na ukungu, kamba ndiyo ushahidi pekee ambao kila mtu anaweza kuuona.

Kwenye visiwa vya Galapagos desturi ilikuwa nyingine. Huko walifunga chusa kwenye boya au ubao wa kumchosha mnyama, wakamwachia, na aliyempiga kwanza akapata nusu pamoja na aliyemuua. Kesi ya Fennings dhidi ya Lord Grenville ya 1808 ilitoka huko. Mdai alikuwa na haki ya nusu, lakini alikwama: mwenzake alikuwa amekwisha kumkata nyangumi na kumyeyusha kuwa mafuta, na mahakama ikasema mmiliki mwenza hawezi kushtakiwa kwa kuharibu mali wakati ameitumia mali ile kwa njia yake ya kawaida. Nyangumi yupo ili ayeyushwe. Mwaka 1862 suala likafika Baraza la Lords, mahakama ya juu kabisa ya rufaa wakati huo, kutoka Cumberland Inlet, kaskazini ya Kanada, ambako Wainuiti, wenyeji wa huko, walioajiriwa na Waskoti walitumia chusa lenye ngozi ya sili iliyojazwa hewa, bila kamba ya mashua. Lords walishikilia kanuni ya Greenland: ngozi ya hewa si kamba. Binafsi naona desturi ya Wainuiti ilikuwa na mantiki kuliko hukumu hiyo, lakini ni kweli kwamba hakimu aliye London asingeweza kuikagua.

Ruzuku ilikomeshwa 1824. Gesi ya makaa ilikuwa ikimulika mitaa, mafuta ya mbegu yakaingia viwandani, na ushuru uliowalinda wenye meli ukapunguzwa miaka ya 1840. Mwaka 1830 barafu ya ghuba ya Melville ilizivunja meli 19 za Uingereza katika msimu mmoja. Sekta ikabaki Dundee, Peterhead na bandari chache, na kwa miongo sita hivi Bunge halikuwa na la kusema.

Lililolirudisha Bunge ni Mnorwe na mzinga wake. Svend Foyn alikamilisha chusa la baruti lenye kurushwa kutoka kwenye meli ya mvuke, na ghafla nyangumi wenye mbio, ambao mashua ya makasia haikuwaweza, wakawa windo. Vituo vya Wanorwe vilijengwa Shetland na Hebrides. Wavuvi wa heringi wakapiga kelele: nyangumi wanawakusanyia samaki, na mizoga inachafua maji. Sheria ya Scotland ya 1907, na ya Ireland ya 1908, zikaweka leseni kwa vituo na meli zake na kuwazuia wawindaji wasisogee karibu na pwani msimu wa heringi. Nani alilindwa? Heringi.

Kusini mwa Atlantiki mambo yalikuwa makubwa zaidi. Carl Anton Larsen alijenga kituo cha Grytviken, kisiwa cha South Georgia, mwaka 1904 bila kumuuliza mtu. Serikali ya visiwa vya Falkland ilishtuka baadaye, ikampangisha mwaka 1906 kwa pauni 250 kwa mwaka, na ikatunga sheria za leseni. Mwaka 1909 hakimu mkazi, James Innes Wilson, aliwasili kuzisimamia. Sheria hizi, kwa maoni yangu, ndizo za kwanza zilizofanana na usimamizi wa kweli. Ziliweka ukomo wa meli za uwindaji kwa kila leseni, zikakataza kuua ndama na mama wenye ndama, na zikadai mzoga wote utumike. Hilo la mwisho lilikuwa na sababu: miaka ya mwanzo walichuna shahamu nono na kuuacha mwili mzima, nyama na mifupa, uelee bandarini ukioza, huku sehemu kubwa ya mafuta ikiwa bado ndani. Kodi kwa kila pipa la mafuta iligharamia utafiti wa meli ya Discovery kuanzia 1925.

Lakini leseni ilimhesabu nani? Mwenye kituo cha nchi kavu. Meli za kiwandani, yaani zilizoyeyusha mafuta humo humo melini, zilihitaji bandari tulivu, kwa kuwa nyangumi alichunwa akiwa ubavuni mwa meli, na bandari zote tulivu zilikuwa za Uingereza. Mwaka 1925 meli ya Norway iitwayo Lancing ilitoka ikiwa na mteremko nyuma yake wa kumvutia nyangumi mzima juu ya sitaha. Bandari haikuhitajika tena, leseni haikuhitajika, kodi haikulipwa. Msimu wa 1930/31 meli za kiwandani 41 zilikuwa Antaktika, na nyangumi-buluu zaidi ya 29,000 waliuawa. Soko likafurika, bei ikaporomoka, na msimu uliofuata meli nyingi zilibaki bandarini. Bei mbaya iliokoa nyangumi wengi mwaka ule kuliko hati yoyote.

Mkataba wa Geneva wa Septemba 1931 ulianza kutumika Januari 1935, bila Japani, Ujerumani wala Umoja wa Kisovieti. Uingereza iliuingiza nyumbani kwa Sheria ya Sekta ya Nyangumi ya 1934: leseni kwa meli na viwanda, rekodi za kila mnyama, marufuku katika maji ya pwani ya Uingereza, ulinzi kamili kwa jamii ya nyangumi wa Greenland na ndugu zake wa kusini. Kifungu ninachokipenda ni cha mishahara. Mpiga mzinga aliyelipwa kwa idadi tu angepiga hata mtoto. Basi malipo yakatakiwa yafuate pia ukubwa, aina na mafuta yaliyopatikana.

Makubaliano ya London ya 8 Juni 1937 yaliongeza vipimo: futi 70 kwa nyangumi-buluu, futi 55 kwa nyangumi-pezi, futi 35 kwa yule mwenye nundu na kwa yule wa ambari. Urefu ulipimwa kwa mstari ulionyooka kutoka ncha ya taya la juu hadi kwenye mkato wa mkia. Msimu ukawa tarehe 8 Desemba hadi 7 Machi, na mkaguzi akawekwa kwenye kila meli ya kiwandani. Tatizo mnaweza kulikisia. Mpiga mzinga anamkadiria mnyama aliye majini, meli ikiyumba, na anaona mgongo tu. Akishauawa mfupi, hawezi kurudishwa. Mkaguzi analala na kula na watu wale wale kwa miezi. Basi rekodi zina wanyama wengi mno waliotimiza urefu wa sheria barabara, wala hawakuzidi.

Kosa kubwa kuliko yote lilikuja 1944, lilipochaguliwa kipimo cha pamoja: kizio cha nyangumi-buluu. Buluu mmoja alikuwa sawa na nyangumi-pezi wawili, au wenye nundu wawili na nusu, au nyangumi-sei sita. Kiwango cha Antaktika kikawekwa vizio 16,000. Kipimo hiki kilihesabu mafuta, hakikuhesabu spishi. Spishi yoyote ingeweza kuwindwa mpaka iishe, mradi jumla haikupita. Na kwa kuwa buluu mmoja ni risasi moja na kuvutwa mara moja kwa mafuta ya wawili, alipigwa kila alipoonekana, hata alipokuwa haba.

Mkataba wa Washington wa 2 Desemba 1946, uliozaa Tume ya Kimataifa ya Nyangumi, uliongeza kosa la pili. Ibara ya 5 ilikataza kugawa kiwango kwa meli au kuzuia idadi ya meli. Vizio vilikuwa vya atakayewahi. Takwimu zilitumwa Sandefjord, Norway, na jumla ilipokaribia 16,000 msimu ulifungwa kwa tangazo. Kila kampuni ikaongeza meli zenye kasi zaidi, na msimu wa takribani miezi minne ukafupika hadi kama miezi miwili katikati ya miaka ya 1950. Mtaji ukakaa bure miezi kumi, kisha ukashindana kama wendawazimu.

Nchi zilipogawana hatimaye, mwaka 1962, Uingereza ilipata asilimia 9, Japani 33, Norway 32, Umoja wa Kisovieti 20, Uholanzi 6. Kiwango kiliweza kuuzwa pamoja na meli, na wanunuzi walikitaka kiwango kuliko chuma. Balaena, meli ya kiwandani ya Uingereza, ilikuwa imekwisha uzwa kwa Wajapani 1960. Kampuni ya Salvesen ya Leith iliuza meli zake Southern Venturer 1961 na Southern Harvester 1963, na huo ukawa mwisho wa uwindaji wa Uingereza. Hakuna sheria iliyoukomesha. Sheria ya Uvuvi ya 1981 ndiyo iliyopanua marufuku hadi kwenye mipaka yote ya uvuvi ya Uingereza, miaka 18 baada ya biashara kufa.

Kwetu, mwaka 1979, Shelisheli, ikiwa na miaka mitatu tu ya uhuru kutoka kwa Uingereza, iliishawishi Tume kuitangaza Bahari ya Hindi kuwa hifadhi hadi nyuzi 55 kusini. Uwindaji wa kibiashara ukapigwa marufuku mbele ya pwani yetu yote. Julai 1982, huko Brighton, marufuku ya dunia ilipita kwa kura 25 dhidi ya 7. Kenya na Oman walikuwa upande wa ndiyo. Ibara ya 5 bado ina mlango: nchi ikipinga ndani ya siku 90, haifungwi. Norway iliutumia, na bado inawinda.

Ndugu maofisa wa uvuvi, hifadhi ya 1979 inahesabu nyangumi anayepigwa chusa. Nyangumi mwenye nundu anayepanda kutoka Antaktika kati ya Julai na Novemba, akapita Mafia, Unguja na Watamu na ndama wake, akinaswa kwenye jarife usiku, haingii katika hesabu hiyo. Anaingia, kama anaingia, katika daftari la kituo cha mapokezi ya samaki, na sehemu nyingi daftari hilo halina safu yake. Swali la kwanza nalipokea kutoka upande huo.